Fundi Aliyeonja Baiskeli

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mmeitikia kama mnaoomba radhi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa nyoosheni miguu. Anayemenya karanga amenye, ila asitafune kwa sauti.

Hapo zamani za kale, kale lakini si sana, maana baiskeli zilikwishakuwapo, palikuwa na mtaa wa wanyama ulioitwa Shukashuka. Mtaa ulikaa juu ya kilima. Ukitaka maji, unashuka. Ukitaka mboga, unashuka. Ukitaka habari, unashuka. Barabara ilikuwa moja. Ilianza juu kwenye nyumba, ikashuka, ikashuka, ikafika penye jiwe kubwa jeusi, ikapinda kushoto, ikashuka tena hadi mtoni. Na pale kwenye kona, upande wa kulia, palikuwa na korongo. Nani ataniambia korongo ni nini?

Shimo refu.

Shimo refu lililochimbwa na mvua, ndiyo. Ukitupa jiwe humo, unasubiri kabla ya kulisikia.

Basi, juu kabisa, pale barabara inapoanza, palikuwa na kibanda cha Nungunungu. Kazi yake fundi baiskeli. Kibanda kilikuwa nguzo nne na bati moja. Bati lilikuwa na tundu, na chini ya tundu aliweka karai la maji la kutafutia pancha. Mvua ikinyesha, karai linajaa lenyewe. Mbele palikuwa na benchi la wateja.

Nungunungu alikuwa mnene, mfupi, na hakuwa na haraka. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa mgongoni mwake. Akitaka kuzibua vali, anachomoa mwiba mwembamba. Akitaka kutoa tairi, anachomoa mwiba mnene. Watani wake hawakumwacha.

"Fundi, hiyo miiba yako unazibia pancha au unatobolea?"

"Asubuhi natoboa, jioni naziba," alijibu. "Na mimi nina tumbo."

Wakacheka. Lakini kila jioni, kabla ya kufunga, Nungunungu alifagia barabara mbele ya kibanda chake, fya, fya, fya, akaokota kila mwiba uliomdondoka. Hakuna tairi hata moja mtaani lililowahi kukanyaga mwiba wake.

Sasa, huyu fundi alikuwa na desturi moja iliyowachosha wengi. Akimaliza kutengeneza baiskeli yako, hakupi. Anasema, "Subiri niionje."

"Uionje? Baiskeli?"

"Mama akipika mchuzi, si anauonja kabla ya kupakua? Na mimi naonja."

Basi anapanda yeye mwenyewe. Ndiyo, wewe mtoto, nimekuona umenyoosha mkono.

Nungunungu anakaaje kwenye kiti cha baiskeli?

Kwa uangalifu. Tuendelee. Anapanda yeye mwenyewe, na haonji ikiwa tupu. Ukiwa mzito, anafunga gunia la mchanga kwenye keria. Ukiwa unabeba mitungi, anafunga mitungi. Anashuka mteremko wote hadi mtoni. Halafu anarudi akiikokota, ha, ha, ha, jasho linamtoka hadi kwenye ncha za miiba. Wewe umekaa kwenye benchi, unasubiri. Unasubiri. Unasinzia. Unaamka. Unasubiri.

Mteja wake mmoja alikuwa Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa na vifaranga saba, na mdogo wao aliitwa Kitinda. Kule juu kilimani mchwa walikuwa wamekwisha. Mchwa walikuwa chini, ukingoni mwa mto. Basi kila asubuhi Bi Kanga aliwatia wanawe kwenye tenga, akafunga kifuniko, akalikaza tenga kwenye keria, akashuka nao.

Si angeruka?

Yeye angeruka. Na wale saba angewabeba kwa nini, kwa mdomo? Na kwa miguu kulikuwa na Mwewe. Mwewe hakuwa mbaya, watoto. Alikuwa na njaa, na njaa yake ilikuwa na mabawa. Kwa hiyo baiskeli ndiyo ilikuwa usalama wao.

Akishuka, Bi Kanga aliimba, na breki yake ikamwitikia. Nyie ni breki. Mkinisikia nimemaliza, mnalia kwiii. Haya.

Shuka polepole, baiskeli yangu,
nyuma wako saba, wote ni wangu.

Kwiii.

Naam. Hivyo hivyo kila siku, hadi mtoni. Na Nungunungu akiionja baiskeli ya Bi Kanga alitia mawe saba ndani ya tenga. Jiwe kwa kila kifaranga. Mawe yenyewe aliyaweka chini ya benchi, makubwa kidogo kuliko ngumi, na watoto wa mtaani walikuwa wanajua: hayo usiyaguse, hayo ni ya Bi Kanga.

Siku moja, Nungunungu alikwisha kuionja baiskeli ya Bi Kanga, akairudisha, akaona cheni imelegea kidogo. Akafungua nati ya gurudumu la nyuma, akavuta cheni, akaipangusa. Bi Kanga akafunga tenga, akaaga, akashuka. Shuka polepole, baiskeli yangu. Nungunungu akabaki amesimama na spana mkononi. Akaitazama spana.

"Nililegeza," akajisemea. "Je, nilikaza?"

Akafikiri. Hakukumbuka. Akafikiri tena. Hakukumbuka. Basi yule mnene, mfupi, asiye na haraka, akaanza kukimbia. Kacha kacha kacha kacha, miiba inagongana, jua la saa nne linawaka, anashuka kilima kizima. Akafika mtoni, na mtoni walikuwapo wanyama wote, wanateka maji, wanafua, wanasengenya.

"Bi Kanga," akaita, pumzi zimemwishia. "Usipande tena. Nati ya nyuma. Nadhani sikuikaza."

Wakainama, wakatazama. Nati ilikuwa imebaki nyuzi mbili. Bado kidogo idondoke.

"Nimekosea," akasema Nungunungu, mbele ya wote. Akaikaza, kri, kri, kri, akarudi zake kilimani.

Basi kulikuwa na Ngiri pale. Mnamjua Ngiri, yule wa kuoga matope. Ngiri alicheka hadi akakaa chini. "Jamani, nimeona mafundi wengi, ila fundi anayekimbia kilomita nzima kwenda kujichongea mwenyewe ndiyo leo. Angenyamaza, nani angejua?"

Wote wakacheka. Bi Kanga hakucheka. Hilo swali la Ngiri liwekeni mfukoni. Tutalihitaji.

Haikupita wiki, akaja Ngedere. Akafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, akatazamana na Nungunungu. Akatundika kengele kumi mlangoni, upepo ukipita, kling, kling, kling. Akafunga riboni nyekundu kwenye hendeli za wateja. Na vidole vyake, hilo halina ubishi, vilikuwa vyepesi kuliko vyote mtaani. Alikaza spoku kama anayepiga zeze.

"Karibu, karibu. Dakika tano. Kaa, simama, tayari."

Wanyama wakapenda. Nani hapendi? Kule unasinzia kwenye benchi, huku dakika tano na riboni.

Na msidhani Ngedere alikuwa mwizi. Hakuwa mwizi. Alipenda tu kumwona mteja akiondoka anatabasamu. Mteja akishatabasamu, Ngedere alijua kazi imekwisha. Hakuna aliyewahi kurudi kumwambia vingine, naye hakuwahi kwenda kuuliza.

Ngedere alikuwa na dawa moja: mafuta ya ufuta. Pedeli inalia? Ton, ton, imenyamaza. Cheni inalia? Ton, ton, imenyamaza. Breki inalia?

Naona mzee mmoja pale ameshika kichwa. Usiseme, mzee. Waache nao wafike.

Breki inalia? Ton, ton. Imenyamaza.

Wa kwanza kunyamazishiwa breki alikuwa Ngiri. Akapanda, riboni zinapepea, akashuka kimya kabisa. Alipokaribia jiwe jeusi akabana breki. Hakuna kitu. Akabana tena. Hakuna kitu. Akateremsha kwato, krrrrr, vumbi, kokoto, akaipita kona kwa upana wa sharubu moja, akateremka hadi mtoni, akaingia kwenye tope, pwaa.

Bi Kanga alikuwa pale na wanawe wanadonoa mchwa. "Jirani, vipi?"

Ngiri akatoa kichwa topeni. "Nimekuja kuoga."

"Na baiskeli?"

"Nayo ilikuwa chafu."

Basi. Ngiri kuingia topeni ni habari gani? Hakuna aliyeuliza zaidi. Tangu siku hiyo Ngiri aliikokota baiskeli yake kwa mkono kila akishuka. Akiulizwa, anasema ananyoosha miguu.

Sasa tumrudie Mwewe. Mwewe alikuwa na masikio. Kila asubuhi alisikia wimbo, akasikia kwiii. Kidogo kidogo akajua: kwiii ikilia, tenga linapita. Asubuhi moja alisubiri juu ya jiwe jeusi. Bi Kanga akaja.

Shuka polepole, baiskeli yangu,
nyuma wako saba, wote ni wangu.

Kwiii.

Vuup, Mwewe akashuka. Kucha zake zikanasa kifuniko cha tenga, akakinyakua, akapaa nacho. Alipofika juu angani akaona ameshika kifuniko tu na manyoya matatu ya Kitinda. Kitinda mwenyewe alikuwa amebaki ndani, kichwa chake kina upara kidogo, analia.

Bi Kanga aligeuza baiskeli, akarudi kilimani. Akaenda moja kwa moja kwa Nungunungu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Bi Kanga. Kaa kwanza."

"Sikai. Breki inalia, na Mwewe anaifuata sauti. Leo amechukua kifuniko. Kesho hatachukua kifuniko. Ninyamazishie hii breki."

Nungunungu akaiinua baiskeli. Akazungusha gurudumu. Akabana breki, kwiii. Akaachia. Akabana, kwiii. Akaishusha baiskeli chini.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui namna ya kuinyamazisha na bado ikashika. Nijuavyo mimi, inalia kwa sababu inashika. Huenda kuna njia. Nipe siku tatu niitafute."

"Siku tatu wanangu watakula nini?"

Nungunungu akasema tena, taratibu, "Sijui, Bi Kanga. Lakini nipe siku tatu."

Mama mwenye watoto saba na Mwewe juu ya kichwa, ukimwambia sijui, atafanya nini? Alivuka barabara. Mimi ningevuka. Nawe ungevuka.

"Siku tatu?" Ngedere akashangaa. "Dada Kanga, mzee anatengeneza baiskeli au anaiatamia? Dakika tano."

Ton, ton. Akazungusha gurudumu, akabana breki. Kimya. Bi Kanga akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, na Ngedere akafunga chupa yake ya mafuta.

Asubuhi ikafika. Bi Kanga akawatia wanawe tengani, mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, na Kitinda. Akafunga kifuniko kipya. Akafika pale barabara inapoanza, katikati ya vibanda viwili. Wanyama walikuwa wanapita kwenda mtoni. Kabla ya kupanda, akasukuma baiskeli hatua tatu, akaimba kidogo, akabana breki.

Shuka polepole, baiskeli yangu,
nyuma wako saba, wote ni wangu.

Msiitikie. Breki haikuitikia.

Nungunungu alikuwa amekaa na gurudumu kuukuu mapajani, anatafuta njia yake. Akainua pua.

"Nasikia harufu ya ufuta," akasema.

"Ni ya kwangu," akajibu Ngedere, ambaye alikuwa ametoka nje kumwona mteja wake akienda. "Dawa ya breki. Umeisikia ikilia? Hailii tena, dada."

"Umetia kwenye breki?"

"Inapolia ndipo ninapotia."

"Na inashika?"

"Kwa nini isishike? Nilikuwa nayo mikononi mwangu, mzee."

"Uliipanda?"

Ngedere akawageukia waliokuwa wanapita. "Mimi naiamini kazi yangu. Mzee anaonja kwa sababu haiamini yake."

Wakacheka. Nungunungu akalifikiria hilo neno, akaligeuza, kama anavyogeuza tyubu ndani ya karai.

"Labda ni kweli," akasema. "Siiamini sana kazi yangu. Na hii yako siijui. Huenda inashika. Mimi ningeionja tu kabla hawa watoto hawajaionja."

"Wivu, mzee," akasema mmoja aliyekuwa anapita. "Umepoteza mteja, kubali."

Bi Kanga alisimama katikati ya barabara, hendeli mkononi. Huku, yule mwenye uhakika. Huku, yule wa sijui. Tenga linanong'ona nyuma yake, pii, pii, pii, wana njaa. Akaona ni rahisi sana kupanda na kwenda.

Lakini akakumbuka ile siku ya nati. Akakumbuka kacha kacha kacha kwenye jua la saa nne, na yule mnene amesimama mbele ya mtaa mzima, anasema nimekosea. Akawaza, "Huyu akikosea anakuja kuniambia. Yule mwingine sijawahi kumwona akimjia mtu. Labda hajakosea kamwe. Au labda huwa haji."

Akafungua kifuniko. Akamtoa wa kwanza, akamweka chini. Akamtoa wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Kitinda. Kisha akaingiza shingo chini ya benchi la Nungunungu, akasogeza mawe, moja, moja, moja, hadi saba, akayatia tengani. Akafunga kifuniko.

"Fundi Ngedere," akasema. "Onja."

Ngedere akacheka. Akaangalia kulia na kushoto, akaona safari hii anacheka peke yake. "Dada, nina kazi zangu."

"Dakika tano," akasema Bi Kanga.

Hapo hata Nungunungu alitabasamu. Ngedere akapanda. Alipanda kwa madaha, mkia juu, kwa sababu kweli aliamini. Hilo msilisahau. Akajisukuma, akaanza kushuka, na kwa utani akaimba wimbo wa Bi Kanga.

Shuka polepole, baiskeli yangu.

Akabana breki. Haikuitikia, na haikushika. Akabana kwa mikono miwili, vidole vyote kumi. Raba ikateleza kwenye ringi ya gurudumu kama sabuni kwenye kiganja. Miti ikaanza kumpita. Mti, mti, mti, mtimtimti. Riboni zikampiga machoni. Jiwe jeusi lilikuwa mbali, likawa karibu, likawa hapa.

Kwenye kona palikuwa na tawi lililoinama. Ngedere akaachia hendeli, akaruka, akalishika. Baiskeli haikupinda kushoto. Ilikwenda mbele, moja kwa moja, ikaingia korongoni.

Kimya.

Halafu, kutoka chini kabisa: ko.

Ko.

Ko.

Bi Kanga alikuwa amesimama juu ya kilima, na wanawe wanadonoa vumbi miguuni mwake. Aliyahesabu mawe yakigonga chini. Ko. Ko. Ko. Akasubiri la mwisho. Hakuna aliyesogea. Ko.

Saba.

Akakaa chini katikati ya barabara, akatanua mabawa, akawafunika wote.

Na Ngedere? Ngedere alibaki ananing'inia kwenye tawi. Mbele yake msitu ulikuwa wazi. Angeweza kuruka tawi hadi tawi, akaenda mtaa mwingine, akatundika kengele zake, na huko hakuna aliyemjua. Alilitazama lile korongo, kisha akaitazama mikono yake iliyolishika tawi.

"Mimi nilikuwa na mikono," akasema. "Wale saba wangeshika nini?"

Akateremka. Akaanza kukimbia kupanda kilima. Hakusimama kibandani kwake. Akaenda nyumba ya kwanza.

"Hodi. Msiipande baiskeli yenu. Nimekosea. Huenda mafuta yangu yamefika kwenye breki."

Nyumba ya pili. "Hodi. Msiipande. Nimekosea."

Nyumba ya tatu, ya nne, ya kumi. Sauti ikamkauka. Mwisho akafika kwa Ngiri, akamkuta amelala topeni nyuma ya nyumba.

"Ngiri, usipande baiskeli yako. Breki hazishiki. Ni mimi niliyekosea."

"Najua," akasema Ngiri.

"Unajua? Tangu lini?"

Ngiri akatazama pembeni. "Tangu ile siku niliyokwenda kuoga."

"Na hukuniambia?"

"Ningesema, wangenicheka. Nilimcheka mzee mbele ya watu wote. Sikutaka zamu yangu ifike."

Sasa litoeni lile swali mfukoni. Angenyamaza, nani angejua? Ngiri alinyamaza, na kweli hakuna aliyejua. Na kwa sababu hakuna aliyejua, vifaranga saba walifika hadi mdomoni mwa mteremko. Ngiri naye alikwishasikia habari ya mawe. Aliinuka topeni, akachukua gunia, akashuka mtoni bila kuagizwa. Siku ile, na siku mbili zilizofuata, alichimba mchwa kwa meno yake marefu akawapandishia wale vifaranga kilimani. Hakusema neno. Kila mtu ana namna yake ya kuomba radhi.

Jioni Ngedere akavuka barabara. Akasimama mbele ya Nungunungu, mkia umelala.

"Mzee, nifukuze."

"Kaa kwenye benchi," akasema Nungunungu. "Mbio zile nazijua. Zinachosha."

Ngedere akakaa. Nungunungu akaendelea kulizungusha gurudumu lake kuukuu.

"Tazama hii," akasema baada ya muda. "Raba ya breki ikigusa ringi yote kwa pamoja, inalia. Nadhani kama ncha yake ya mbele ikigusa kwanza, kwa unene wa jani la mgomba tu, na mkia wake ukafuata, italia kidogo. Labda haitalia. Lakini pa kuipindia ni padogo, na vidole vyangu unaviona."

Ngedere akavitazama vidole vya mzee, vifupi, vinene. Akatazama vyake.

"Nipe," akasema.

Walishusha kamba korongoni, wakaipandisha baiskeli ya Bi Kanga. Ilikuwa imekunjika kama kambare wa kukaangwa. Wakainyoosha. Wakaisugua ringi kwa majivu na mchanga, mara tatu, hadi ufuta ukaisha. Ngedere akaipinda raba kwa unene wa jani. Nungunungu akatia mawe mapya saba, akaionja, akarudi, ha, ha, ha. "Bado," akasema. Ngedere akapinda tena. Sasa akaionja Ngedere. Akarudi anahema. "Bado," akasema Ngedere mwenyewe, na Nungunungu akamtazama kwa heshima.

Siku ya tatu Bi Kanga akasema, "Leo naonja mimi." Akashuka na mawe saba, akarudi. Aliyatoa mawe, akawatia wanawe. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, na Kitinda mwenye upara.

Mtaa mzima ulisimama kutazama. Nyie breki, safari hii itikieni kwa kunong'ona.

Shuka polepole, baiskeli yangu,
nyuma wako saba, wote ni wangu.

Shiii.

Akapita jiwe jeusi, akapinda kushoto, taratibu, akafika mtoni. Mwewe alikuwa juu ya jiwe, amekigeuzia kilima mgongo, anasubiri kwiii. Nasikia anaisubiri hadi leo, ila mchana huenda akala panya.

Toka hapo kibanda kikawa kimoja, nguzo nne, bati lilelile lenye tundu, na kengele kumi kwenye nguzo. Riboni zilibaki, maana riboni hazina kosa lolote. Benchi likarefushwa, kwa kuwa kusubiri hakukuisha. Na wanyama wa Shukashuka wananung'unika hadi kesho kuwa mafundi wale wanachelewesha. Wananung'unika wakiwa wamekaa palepale kwenye benchi.

Basi funzo lake ni hili, na wakubwa nao wasikie. Fundi wa kuaminiwa si yule asiyekosea, kwa maana huyo hajazaliwa. Ni yule anayepanda kazi yake kabla hajakupandisha wewe, anayesema sijui pale asipojua, na ambaye akikosea utamwona anakukimbilia. Na ukiona kasoro ukanyamaza kwa kuogopa kuchekwa, jua kuna mwingine anakuja nyuma yako kwenye mteremko huohuo.

Hadithi yangu imefika mtoni, nami nashuka hapa. Anayeitaka aichukue. Lakini aionje kwanza.